Fizikia tupu, uhandisi au ualimu? Jibu kwa mdogo wetu wa Lindi

Mdogo wangu, umesema umemaliza kidato cha sita PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), umechaguliwa shahada ya Fizikia, na mjomba anayekusomesha anataka uiache uende uhandisi wa umeme au ualimu. Unauliza kama mtu wa Fizikia anapata kazi huku kusini. Mwaka 2014 nilikuwa hapo ulipo, ila kwetu ni Mikindani na aliyenisomesha ni baba, kwa hela ya korosho.

Miaka ile Mtwara hakukuwa na habari nyingine zaidi ya gesi. Vurugu za bomba la gesi za 2013 zilitukuta kidato cha tano. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, wazee wakaisubiri mpaka wakachoka, halafu ghafla mabomba yakaanza kufukiwa kuelekea Dar es Salaam. Nikapiga hesabu yangu: gesi ni presha, joto na mtiririko, yote hayo ni Fizikia, nikimaliza kazi naikuta nyumbani. Bomba likakamilika 2015, mimi niko chuo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ajira nyingi za bomba ni za wakati wa kujenga: wachimbaji, wachomeleaji, madereva. Mtambo ukishawashwa, wanabakia watu wachache wanaopokezana zamu. Kwa hiyo nakuomba sana, usichague kozi kwa kuutazama mradi wa Likong'o, ule wa kiwanda cha gesi ya kimiminika huko kwenu Lindi. Naombea ujengwe, ni kwetu sote. Ila umezungumzwa miaka mingi, na wewe baada ya miaka mitatu utataka kula.

Nilimaliza 2017. Serikalini ajira zilikuwa zimebana kutokana na uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Matangazo yalipoanza kutoka tena nikawa nayasoma yote, natafuta neno "mwanafizikia". Sikuliona. Niliona mwalimu wa Fizikia, mhandisi, mtabiri wa hali ya hewa, mkaguzi wa mionzi, afisa vipimo. Sisi wa Fizikia tupu tunapenya kwenye baadhi ya hizo pale tangazo linaposema "au fani inayofanana". Uhandisini hupenyi: Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka shahada ya uhandisi, hata uwe umefaulu Fizikia namna gani. Ualimu wa serikali nao unadai uwe umesomea ualimu, maana yake urudi chuo mwaka mwingine kwa stashahada ya uzamili. Hospitali zenye mashine za tiba ya mionzi, kama Ocean Road ya Dar na Bugando ya Mwanza, zinahitaji watu wa fizikia ya tiba, lakini hiyo ni safari ya shahada ya pili.

Nikafundisha shule moja binafsi. Wanafunzi walikuwa wazuri, nawakumbuka mpaka leo. Mshahara ukakatika miezi minne, kila nikiuliza naambiwa wiki ijayo. Niliondoka katikati ya muhula, na kuwaacha wale watoto bila mwalimu kuliniuma kuliko ile hela.

Kilichonitoa ni kozi fupi ya umeme VETA, chuo cha ufundi stadi, hapa Mtwara. Nilikaa benchi moja na vijana wa kidato cha nne, nikajifunza kushika bisibisi, kukata waya, kutumia mita ya umeme. Chuo nilikuwa nimekokotoa saketi mamia bila kuunganisha hata tano. Baada ya hapo nikaitwa usaili wa kazi ya vipimo kiwandani. Fundi mkuu akaniuliza swali moja ambalo kwangu lilifungua mlango: kipima presha kinatuma mkondo wa milliampea 4 mpaka 20, 4 ikiwa ni sifuri ya presha na 20 ndiyo mwisho wa kipimo. Je, ukisoma 12 maana yake nini, na ukisoma 0? Sikuwa nimewahi kukiona kifaa hicho. Nikafikiri: 12 ipo katikati, basi presha ni nusu ya kipimo. Na kama presha sifuri inatuma 4, basi 0 siyo presha kabisa, waya umekatika au kifaa hakina umeme. Akanyamaza kidogo, akaniuliza naanza lini.

Na ile mizani ya ghalani inayopima magunia ya korosho za wazazi wetu, ile ya kidijitali, chini ya sahani yake kuna kipande cha chuma chenye nyuzi nyembamba zinazobadili ukinzani chuma kikibonyea. Zimeunganishwa kwa daraja la Wheatstone, ile saketi ya vikinzani vinne uliyoichora kwenye mtihani. Siku ya kwanza kuifungua mizani ya namna hiyo nilimpigia baba simu.

Sasa, mjomba wako hajakosea kuogopa. Kama ada yako yote inamtegemea yeye na nyumbani wanasubiri uanze kusaidia mapema, chukua Fizikia na Hisabati upande wa ualimu. Fizikia utaisoma, na utatoka na cheti ambacho tangazo la kazi linakitaja kwa jina. Kama unachopenda ni mashine na una alama za kuingia uhandisi, nenda uhandisi, ila mweleze mjomba mapema kuwa ni miaka minne. Fizikia tupu ichukue ikiwa tu umeshaiona orodha ya masomo ya chuo hicho na ina elektroniki, vipimo na kuandika programu, na uko tayari kila likizo kuwa karakana badala ya kukaa kijiweni. Mimi likizo zangu zote nilizimalizia ufukweni Mikindani. Miaka miwili ya kusota baada ya chuo naihesabia hapo.

Usithibitishe chuo wiki hii. Panda gari la asubuhi uje Mtwara, nikukutanishe na fundi wa mizani ninayemfahamu, ushinde naye siku nzima. Ukiweza mje na mjomba, hesabu ya ada nataka tuipige naye ana kwa ana.