Mjibu Baba Kwanza, Habari Zitafuata

Barua za mwezi huu karibu zote zinalalamikia simu, lakini ukizisoma kwa utulivu utaona zinamhusu mtu aliye upande wa pili wa simu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu walioniuliza jambo kama hilo ni wengi, na kwa sababu imenigusa.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni wa pili kuzaliwa kati ya watoto wanne, na kila mmoja wetu anaishi mji wake. Tunakutana kwenye kundi la familia la WhatsApp pamoja na wakwe na wajukuu wakubwa. Tangu mama atutoke, baba hutuma habari kila alfajiri: benki zinafungwa, vita kuu inaanza kesho, kuna majani yanayomaliza saratani, picha za mafuriko tulizokwisha kuziona miaka iliyopita. Juzi kaka yetu mkubwa akamwandikia humohumo kundini: "Baba, tumechoka na uongo wako." Tangu siku hiyo baba yuko kimya. Nikimpigia anapokea, ananiambia yuko salama, anakata. Kaka anasema hawezi kuomba radhi kwa kusema kweli. Nimekwama katikati yao. (Mtoto wa Pili)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama.

Habari zile zilikuwa za uongo, na kaka yako ana haki ya kuzikataa. Ila aliandika "uongo wako". Mzee aliyeletewa taarifa na mtu anayemwamini, akaogopa, akawatumia wanawe ili wajihadhari, hajasema uongo. Amedanganywa, kisha akaaibishwa mbele ya wakwe zake na wajukuu. Hilo ndilo la kuombewa radhi, na kaka yako anaweza kuliombea bila kurudisha neno hata moja kuhusu benki wala vita. Amwombe kwa sauti, kwa simu, wala si kwa kuandika kundini. Na akishasema "nisamehe baba", anyamaze hapo, asiongeze "lakini".

Sasa tuiangalie hiyo saa. Umeandika kwamba ni kila alfajiri, na umeandika kwamba ilianza mama alipoondoka. Mambo hayo mawili mimi siwezi kuyatenganisha. Mtu aliyezoea kuamka na mwenzake, wakasikiliza redio, wakabishana kidogo juu ya mambo ya dunia, leo anaamka na hana wa kumwambia "umesikia hili?" Anawaambia nyinyi.

Kabla ya kustaafu nilikuwa opereta wa simu, enzi zile mtu alisubiri kuunganishwa na dakika zake zilihesabiwa. Hatukuruhusiwa kufuatilia mazungumzo ya watu, lakini ilitubidi kuingia kwenye laini kuhakikisha sauti inapita na kuwaarifu kwamba muda unakaribia kwisha, na kwa njia hiyo nilisikia ya kutosha. Akina baba hawakuanza na "nimekukumbuka". Walianza na habari: mvua imekataa kunyesha, fulani amefariki, redio imesema hivi na vile. Muda ukikaribia kwisha ndipo sauti ilipolegea: "Na wewe mwanangu, unalala vizuri? Kazini hawakusumbui?" Habari zilikuwa mlango wa kuingilia. Baba yenu anabisha mlango huohuo kila alfajiri.

Kwa hiyo mjibuni yeye kwanza. Akituma ile ya benki kufungwa, mpigie umuulize kama imemtia wasiwasi, kama ana akiba humo, kama pensheni yake imechelewa. Huenda chini ya ujumbe ule kuna hofu yenye jina na tarehe, ambayo hajui aianzie wapi. Ukishamsikiliza, mtaizungumza taarifa yenyewe mkiwa pamoja, naye hatahisi anakaguliwa.

Sisemi uongo uachwe upite. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli. Za kweli zilihitaji muda wa karibu mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Na walioleta tofauti hiyo walikuwa binadamu, si roboti. Uongo ulikuwa mpya masikioni, ulishtua, ulichukiza, na mtu akishtuka huwakimbilia watu wake. Baba yenu hana upungufu wowote ambao vijana na wasomi hawana.

Tena, kwenye WhatsApp hakuna mhariri. Tangu mwaka 2016 jumbe tunazoandikiana humo husimbwa kutoka simu hadi simu, hivi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Mimi naipenda faragha hiyo, nimeona kwa macho yangu thamani ya mazungumzo yasiyosikilizwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kazi ya kuchuja imebaki kwetu. Kilichowezekana kwa kampuni ni kupunguza kasi: mwezi Aprili 2020, korona ilipokuwa imetanda, ikaweka sharti kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, uweze kutumwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja.

Mwonyeshe baba mishale hiyo. Utakapokwenda kumwona, kaeni pamoja, simu aishike yeye, umwambie: "Baba, ukiona mishale miwili, jua aliyekutumia si yeye aliyeandika, na huenda hata aliyemtumia yeye hakuandika." Kisha chukueni ile picha ya mafuriko, muitafute kwa Google Lens, aone mwenyewe ilipotokea kwanza na mwaka gani. Wazee wengi hupenda sana kazi hii wakishaijua. Mtu aliyekuwa na muda wa kutuma kila alfajiri ana muda wa kupekua pia, na familia inayomwambia "baba hebu tuangalizie hii kama ni kweli" imempa kazi ya heshima.

Kuhusu majani ya saratani silegezi. Taarifa ya namna hiyo inaweza kumfanya mgonjwa aache hospitali akiwa bado anatibika, na katika kundi la watu wengi huwezi kujua ni nani ameficha ugonjwa wake. Hiyo isahihishwe siku hiyohiyo, kundini, kwa maneno makavu yasiyomtaja mtu. Ikiwezekana aisahihishe baba mwenyewe: "Nimeulizia, si kweli." Mpigieni mumpe nafasi hiyo kabla mtu mwingine hajaandika. Akiiandika yeye, atakuwa amewafundisha wajukuu wake jambo ambalo kaka yako kwa ukali wake hakulifundisha.

Kaka asipoomba radhi, usimsubiri. Mpigie baba kesho alfajiri kabla hajaanza kupekua simu, umuulize yeye: "Baba, umesikia nini leo?"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama yangu alipigiwa simu kwa namba ngeni, akasikia sauti yangu inalia, inasema nimepata ajali na natakiwa pesa haraka. Akatuma. Mimi nilikuwa kazini, mzima wa afya. Ndugu wanamcheka, naye anaapa kwamba ile ilikuwa sauti yangu. Je, inawezekana? (Kijana wa Zamu ya Usiku)

JIBU: Marahaba. Inawezekana kabisa, na wanaomcheka hawajui kinachoendelea duniani. Mapema mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo wa akili mnemba unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikilizishwa sampuli ya sekunde tatu. Mwaka huohuo FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, iliwatahadharisha wananchi juu ya matapeli wanaotumia sauti za kuigiza kujifanya ndugu aliye matatani. Sekunde tatu ni kitu gani? Ni salamu yako kwenye video uliyoiweka mtandaoni.

Jambo hili linaniumiza. Kwa miaka yangu yote ya kazi sauti ndiyo ilikuwa kitambulisho. Nilikuwa namjua mpigaji wa kila wiki kabla hajataja namba anayoitaka. Masikio ya mama yako yalifanya vile masikio ya mama yanavyopaswa kufanya. Kilichobadilika ni kwamba sauti peke yake haitoshi tena.

Kubalianeni nyumbani hivi: simu yoyote ya kuomba pesa kwa haraka inakatwa, kisha mtu anapiga mwenyewe namba aliyokuwa ameihifadhi tangu zamani. Isipopatikana, anampigia mtu mwingine aliye karibu nawe, mfanyakazi mwenzako au mnayeishi naye. Mpe mama namba hizo leo. Wekeni pia neno la siri la familia, mlichague mkiwa uso kwa uso, wala msiliandike kundini. Na mwambie kwamba tarakimu sita zinazoingia kwa ujumbe kutoka WhatsApp hazisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wewe, maana kwa tarakimu hizo mtu anaweza kuiteka akaunti yake na kuanza kuwaomba ndugu pesa kwa jina lake.

Wizi huo uripotiwe polisi na kwa kampuni ya simu iliyopitisha pesa. Ukiwahi, wakati mwingine pesa huzuiwa kabla haijatolewa.

Na hao wanaocheka, wakalishe chini. Mzee aliyechekwa mara moja, akitapeliwa tena hatamwambia mtu.

SWALI: Shangazi, nimehamia jiji kubwa kwa ajili ya kazi. Jengo letu lina ghorofa nyingi, tunapanda lifti kila mtu macho kwenye simu yake. Majuzi nilishikwa na homa usiku, nikawa nawaandikia marafiki walio mbali, huku nyuma ya ukuta nasikia mtu anakohoa. Watu wa mjini wana roho mbaya? (Mpangaji wa Ghorofa ya Sita)

JIBU: Pole kwa homa, na pole kwa usiku ule. Hawana roho mbaya. Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1903 kwamba jiji humrushia mtu mambo mengi mno kwa wakati mmoja, sura, kelele, haraka, hata moyo wake ukalazimika kujikinga kwa kuonekana baridi. Mwaka 1970 Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, alirudia hoja inayokaribiana na hiyo: mtu wa jiji hupunguza muda anaompa kila mmoja kwa sababu waliopo ni wengi kuliko uwezo wake. Ona basi kwamba watu walikuwa wanakwepana macho mjini muda mrefu kabla ya simu ya mkononi. Simu imetupa tu pa kutazama.

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti isemayo kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Jengo lenu lina watu wangapi? Hao wa lifti, baadhi yao wanakuonea wewe haya.

Gonga mlango wa huyo anayekohoa siku ambayo huna shida yoyote. Ndilo kosa la wengi: tunasubiri mpaka tuhitaji msaada, na kumwomba mtu usiyemjua ni kugumu kwako na kwake. Jitambulishe, mwambie unaishi mlango upi, mbadilishane namba. Inatosha. Si lazima muwe marafiki. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 juu ya nguvu ya mahusiano mepesi, akionyesha kwamba watu wengi walisikia habari za kazi kupitia watu waliofahamiana nao kijuujuu tu. Mtu anayejua jina lako na mlango wako ni mahusiano ya aina hiyo, na usiku wa homa yupo hatua chache tu, wakati marafiki wapenzi wanaweza kukuandikia pole tu.

Halafu katika lifti, weka simu mfukoni, sema habari za asubuhi. Wengine hawataitika mara ya kwanza. Endelea.

SWALI: Shangazi, mume wangu anataka niwashe muda wote ile huduma ya kuonyesha mahali nilipo kwenye simu. Anasema anayependa hafichi. Nami sina cha kuficha, lakini nahisi kubanwa. (Mke Mwaminifu)

JIBU: Mwanangu, jina ulilochagua kutia chini ya barua yako limenisikitisha, kana kwamba umeitwa mahakamani.

Huduma hiyo ina kazi nzuri. Unarudi usiku, unapita njia usiyoijua, unaiwasha ili mtu wako akufuatilie mpaka ufike. Kwenye WhatsApp unachagua dakika 15, saa moja au saa 8, kisha inazimika yenyewe, na mimi naona waliotengeneza hivyo walifikiri vizuri. Mwambie utaiwasha safari za namna hiyo, na yeye aiwashe zake.

Ya muda wote usiikubali mpaka umemuuliza swali moja mkiwa wawili tu, televisheni imezimwa: anaogopa nini? Kama anaogopa barabara na wahalifu, mtapanga pamoja saa za kurudi na nani wa kupigiwa. Kama anakushuku, ramani haitamponya, kwa sababu kila ukisimama mahali atataka kujua ulisimama na nani. Na kama amekasirika kwa sababu tu umeuliza, au ameanza kukutisha, usilibebe peke yako. Mwambie mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, kisha uniandikie tena.