Fundi Anajibu: Nani anakula umeme wa jengo letu?

*Fundi, jambo. Ninasimamia jengo la ghorofa tatu hapa Nyawera, Bukavu. Chini kuna saluni na duka la vinywaji baridi, juu kuna ofisi na zahanati. Mita ni moja, bili tunagawana. Watu wa ofisi wanadai saluni ndiyo inayotumaliza. Sasa kijana mmoja anataka kuniuzia vipimo vya kufuatilia matumizi ya umeme kupitia simu. Ninunue?*
Mama msimamizi, Nyawera

Jambo sana, Mama. Pesa zikae kwanza. Tafuta daftari.

Chagua usiku usio na delestaji, yaani mgao wa kukatwa umeme, maana umeme ukirudi friji zote na betri huvuta kwa pamoja, hesabu ikaharibika. Soma mita saa kumi na mbili jioni milango ikifungwa, usome tena saa kumi na mbili asubuhi. Tofauti yake imeliwa na jengo lisilo na watu.

Usiku huohuo mlinzi atazame taa ndogo inayomweka kwenye mita. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mmweko ni wati-saa 1. Ahesabu mimweko 10. Tuseme imechukua sekunde 20: jengo linavuta wati 1,800, na kwa saa 12 hizo ni kilowati-saa 21.6. Kikaushio cha saluni cha wati 2,000 kikiwaka robo saa kinakula 0.5 tu. Huyo dada angekausha vichwa zaidi ya 40 kuufikia usiku mmoja kama huo!

Kisha zima dijonkta, zile swichi za sandukuni zinazokata umeme wa kila sehemu, moja moja, mlinzi akiendelea kutazama. Mimweko ikipungua ghafla, hapo ndipo pa kuchimba. Mimi ningeanza na boila ya ofisini, ile ya kuchemshia maji, halafu friji za vinywaji. Bana noti ya faranga kwenye mlango wa friji, uivute: ikitoka bila kukwama, raba imechoka na mota inahangaika bure.

Dijonkta ya zahanati usiiguse. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Huko mwite fundi mwenye koleo la kupimia ampea, na umwangalie: koleo lizunguke waya mmoja. Likizunguka kebo nzima, umeme unaokwenda na unaorudi hufutana, linasoma sifuri. Nimewaona wenye vyeti wakitangaza kwamba friji haili kitu.

Ugomvi wa kugawana bili dawa yake ni mita ndogo kwa kila mpangaji, zinafungwa ndani ya sanduku la dijonkta. Vile vya simu si vibaya, ila vinataka intaneti isiyozimika na mtu wa kuvitazama kila siku. Unaye?

Namba za jioni na asubuhi zisomwe mbele ya dada wa saluni na mtu mmoja wa ofisi, wote watie sahihi daftarini.