Spika sita, kitufe kimoja: boksi la volyumu nililojitengenezea studio

Mteja amekaa nyuma yako kwenye kochi, anasema, "Kaka, punguza kidogo." Kwenye studio ya spika mbili huna tabu. Kwenye 5.1 una spika tano na sabufa, na kadi yangu ya sauti haina kitufe kinachozishika zote sita kwa mpigo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa napunguza ndani ya programu, kwa mausi, mpaka siku programu iliponigandia katikati ya kazi ikamwaga mngurumo wa nguvu zote kwenye kila spika. Nilirukia swichi ya ukutani. Masikio yalipiga filimbi hadi kesho yake.

Tangu hapo nikasema volyumu ya studio lazima iwe kitu cha kushika kwa mkono, kikae kati ya kadi na spika, na kiwe na namba ninayoweza kuisoma bila kuinuka kitini. Hiyo namba ndiyo iliyonisumbua kuliko lehemu yote.

Fundi yeyote utakayemuuliza atakutajia potenshiometa kwanza, yaani kile kitufe cha kuzungusha cha volyumu ya redio. Za stereo zimejaa Kariakoo. Ya njia sita utaisaka mpaka uchoke, na ukiipata, jaribu kuishusha karibu na mwisho usikie: upande mmoja unatangulia kufa, mwingine bado unanong'ona. Kwa redio ya sebuleni hakuna atakayejali. Kwa mtu anayepima kama sauti ya nyuma imezidi ya mbele, ni sawa na kupima sukari kwa mizani mbovu.

Nikaingia kwenye chipu. Nilianza na PGA2311, chipu ya njia mbili inayopandisha na kushusha sauti kwa hatua za nusu desibeli (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kutoka -95.5 hadi +31.5. Tatu zinatosha chaneli sita. Kosa langu lilikuwa kutosoma mstari wa umeme kwenye karatasi ya maelezo ya chipu: ile inaishi kwenye volti 5 chanya na 5 hasi, na kadi ya studio inasukuma mawimbi makubwa kuliko inavyoweza kubeba. Kila ngoma ikipigwa kwa nguvu, inakwaruza. PGA2310 ni ndugu yake mwenye miguu 16 ileile, mpangilio uleule, ila yeye anakula volti 15 kila upande. Nilizing'oa tatu nikachomeka tatu, mkwaruzo ukaisha. Shukrani kwa soketi. Kama ningelehemu chipu moja kwa moja kwenye bodi ningelia. Na kwa kuwa chipu hizi hazijui laini za balansi, yaani sauti inayosafiri kwa nyaya mbili zinazopingana ili kuzuia kelele, kila chaneli nimeiwekea chipu za kubadilisha: INA137 mlangoni na DRV134 wakati wa kutoka. Ya kwanza inashusha desibeli 6, ya pili inazirudisha.

Arduino ndogo, kibodi cha kompyuta unachokiandikia programu mwenyewe, ndiyo inayozipa amri, na chipu tatu zimefungwa mnyororo, data ikitoka kwa moja kwenda kwa nyingine. Hapa nilipoteza siku mbili. Data unayoituma kwanza ndiyo inayofika chipu ya mwisho, na ndani ya kila chipu upande wa kulia hutangulia wa kushoto. Mimi nilikuwa nimegeuza. Ubaya wake ni kwamba huwezi kugundua kirahisi, maana volyumu kuu inapeleka namba ileile kwa wote sita. Boksi lilifanya kazi vizuri kabisa, mpaka nilipotaka kupunguza spika ya kati peke yake, ikapungua sabufa. Kwa hiyo kabla hujafunga mfuniko, zima chaneli moja baada ya nyingine na usikilize ni ipi iliyonyamaza.

Sasa skrini. Toleo langu la kwanza lilikuwa na kijiskrini cha OLED (kioo ambacho kila nukta hutoa mwanga wake) cha inchi 0.96, kizuri mno kwenye picha. Kutoka kitini pangu ni kama mita moja na nusu, na nilikuwa nainama mbele kama mtu anayesoma maandishi ya dawa. Nikabadili kwenda namba nyekundu za LED, zile za saa ya mezani, zinazoendeshwa na chipu ya MAX7219. Zilionekana hadi mlangoni. Lakini chipu ile huwasha namba moja moja kwa zamu, karibu mara 800 kwa sekunde, na usiku kukiwa kimya nilisikia kijimluzi chembamba kwenye spika za mbele. Nilifunika taa kwa mkono, kana kwamba ingesaidia. Nilipoichomoa kabisa, mluzi ukakata.

Mwisho nilitulia na OLED ya inchi 2.42, nikaipa namba kubwa kimo chote cha kioo. Yenyewe na Arduino vina transfoma yao ndogo, tofauti na ya sauti, na nyaya zao za ethi (ardhi) zinakutana sehemu moja tu. Na skrini haiandikwi upya mpaka namba ibadilike. Nisipogusa kitufe, waya wa data uko kimya kama maji ya mtungini. Baada ya sekunde kumi mwanga unafifia, kwa sababu OLED ikikaa na namba ileile kutwa nzima inabaki na alama.

Namba yenyewe iwe ya desibeli. Asilimia achia simu. "Volyumu 63" haikuambii kitu. Kesho ukirudi hujui jana ulikuwa wapi. Kwangu 0.0 ni kipimo: nilicheza noizi ya pinki, ile ya kushhh kama mvua juu ya bati, kwa -20 dBFS (desibeli 20 chini ya kilele cha sauti ya dijitali), spika moja moja, mita ya sauti ikiwa pale kichwa changu kinapokaa, ikiwekwa kwenye mipangilio yake ya uzani wa C na mwendo wa polepole. Kila spika nikairekebisha mpaka mita ikasoma desibeli 76. Kumbi za sinema hutumia 85, lakini kwenye chumba changu 85 ni adhabu. Sabufa ina hesabu yake: chaneli ya LFE, ile ya mingurumo ya chini inayokwenda kwenye sabufa, huchezwa desibeli 10 juu ya wenzake ndani ya masafa yake, ila kwa kuwa masafa ni machache mita itakuonyesha nyongeza ya kama 4 tu. Usihangaike kuipandisha zaidi.

Tangu nifanye hivyo, nikiona -12.5 najua ninasikiliza chini na besi itanidanganya. Mteja akitaka kuonja kwa nguvu, nampa 0.0, kisha narudi palepale nilipokuwa, siyo karibu na pale.

Kitufe ni enkoda, kitufe kinachozunguka bila mwisho na kuhesabu hatua, ya vituo 24 kwa mzunguko, kila kituo nusu desibeli. Enkoda za bei rahisi hurukaruka, kwa hiyo weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila mguu wa ishara. Nimeruhusu kuzungusha haraka kuruke desibeli mbili mbili, lakini kwa kushuka peke yake. Kupanda ni nusu nusu, hata ukizungusha kama unafungua kifuniko cha chupa. Juu kabisa ni +6, haijalishi chipu inaweza nini. Rafiki yangu mmoja aliniambia huo ni woga. Hakuwepo siku ile ya mngurumo.

Umeme ukikatika, au luku ikiisha katikati ya miksi, rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za kutokea zinaachia na spika zinakatwa kabla hazijapiga "duf". Ukirudi, boksi linaamka likiwa limenyamaza, skrini imeandika KIMYA kwa herufi kubwa, na namba ya mwisho iko kwenye kumbukumbu ya Arduino ikisubiri nibonyeze. Kumbukumbu hiyo inahakikishiwa kuandikwa mara 100,000, kwa hiyo naihifadhi namba baada tu ya kitufe kutulia sekunde mbili.

Mteja mmoja ameshaniuliza kuhusu 7.1.4, yaani spika saba za kuzunguka, sabufa moja na nne za darini: chaneli 12. Mnyororo unaruhusu chipu tatu zaidi na boksi lina nafasi, maana ni ganda la deki ya zamani. Transfoma ya sauti ndiyo haitoshi.