Sarufi anaijua, majina ya Kiingereza ndiyo mageni

Dada yangu wa Newala, pole. Umeuliza mdogo wako wa kidato cha kwanza atazishikaje istilahi za sarufi na fasihi za Kiingereza wakati shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Nimefundisha Kiingereza huku Lindi, na shida hii naikuta kila Januari.

Usimkaririshe maana. Anza na anachokijua: nomino ni "noun", kitenzi ni "verb", kivumishi ni "adjective". Kisha muoneshe lugha hizi zinapoachana, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Sisi tunasema "samaki mkubwa", kivumishi nyuma; Kiingereza hukitanguliza, "big fish". Na "anakula" yetu ni neno moja, kwao yanakuwa matatu: "he is eating". Muulize mtendaji amejificha wapi katika "anakula". Zoezi hilo limewasaidia wanafunzi wangu kuliko daftari zima la maana.

Fasihi ni nyepesi zaidi. "Bahari imetulia kama kioo" ni tashibiha, yaani "simile". Kiingereza hutumia "like" au "as" badala ya "kama". Ukisema "bahari ni kioo", hiyo ni sitiari, "metaphor". Ila si kila "like" ni tashibiha: "I like fish" ni kupenda samaki tu.

Istilahi tatu kwa siku zinatosha. Lakini kama hata Kiswahili anasoma kwa kukwama, au anasogeza kitabu karibu na uso, zungumza na mwalimu wake, na kwanza mpeleke hospitali akapimwe macho.