Mie nasema dobla, yeye anasema kunja

Habari za kazi wahariri. Swali lenu la wiki hii, kwamba nchi ikiwa na lugha moja kubwa je wenye lugha nyingine waiache yao ili watu waelewane, limenikuta penyewe kabisa, maana mie mtu wa Tanga ila mwaka wa 11 huu niko Houston, Texas, nafanya kazi ya mashuka hotelini, na kwenye chumba chetu cha kufulia tuko tisa, saba wanaongea Kihispania. Jibu langu ni wasiiache. Ila naomba niseme taratibu, kuna jambo nimeliona huku kwa hawa wenzangu na linatuhusu sana sisi wenye Kiswahili.

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika wawili, huyu ncha mbili na yule ncha mbili, mnavuta mpaka linyooke, mnasogeleana mnakutanisha, mnarudi nyuma tena. Wiki yangu ya kwanza niliwekwa na mama mmoja wa Honduras, Kiingereza chake kidogo na changu cha shuleni kimenikwama kooni, basi yeye akivuta anasema jala, akikunja anasema dobla, na mie najibu vuta, kunja, siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo, mpaka leo yeye ndo ananiambia kunja na mie namwambia dobla na wala hatukupanga. Kuna siku muda wa chakula tukawa tunatafuta maneno, sukari yeye anasema azúcar, meza mesa, bendera bandera, mvinyo vino, tukafika kwenye neno hata, akasema na kwao lipo, hasta, ile h hawaitamki. Nikaja kusoma baadae kwamba hata na hasta yote yametoka kwenye Kiarabu, hatta, kwao lilibaki tangu Waarabu wametawala Hispania na kwetu limeingia na biashara ya pwani, hayo ya meza na bendera na mvinyo tuliyapata kwa Wareno ambao lugha yao ni ndugu na Kihispania. Jamani nilifurahi siku ile kama nimekutana na mtoto wa baba mkubwa nisiyemjua.

Sasa huku utasikia watu wanasema hawa wamekuja na lugha yao kwenye nchi ya Kiingereza. Historia haisemi hivyo. Wahispania walianzisha mji wa St. Augustine kule Florida mwaka 1565, Waingereza wa Jamestown wakafika 1607. Texas hii ninayoishi ilikuwa Mexico mpaka 1836, halafu mwaka 1848 baada ya vita na Mexico, Marekani ikachukua California na eneo kubwa sana la jirani, na watu waliokuwa humo na Kihispania chao wakajikuta wako nchi nyingine bila kuhama hata nyumba. Wana msemo wao, sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndo ulituvuka. Katiba ya kwanza ya California, ya 1849, iliagiza sheria zichapishwe kwa lugha zote mbili, na ya 1879 ikalifuta hilo. Dereva wetu wa gari la mashuka ni mtu wa hapa hapa Texas, babu wa babu yake kazikwa karibu na mto Rio Grande, na nilikuwepo dukani siku mtu alipomsikia anaongea na simu akamwambia arudi kwao. Hakujibu kitu, alilipa tukatoka, ila mpaka tunafika kazini hakuongea tena lugha yoyote.

Na hili la kwamba hawataki kujifunza Kiingereza mie silikubali. Yule mama wa Honduras anamaliza shifti saa kumi jioni, Jumanne na Alhamisi anaenda darasa la usiku kanisani na daftari lake lina maneno mpaka kwenye jalada. Watu wanaoongea Kihispania majumbani kwao Marekani ni zaidi ya milioni 40, na wengi sana kati yao Kiingereza wanakiongea vizuri tu. Kuwa na lugha mbili hakumtoi mtu kwenye nchi.

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani, ngazi ya taifa haijawahi kuwepo hiyo tangu nchi ianze, na akaifuta amri ya mwaka 2000 ya Clinton iliyotaka ofisi za serikali ziwasaidie watu wasiojua Kiingereza vizuri. Ofisi hazikulazimishwa kuacha kusaidia, ila msukumo umeondoka na mie hilo linanisikitisha kweli, kwa sababu mnaofikiri ni mambo ya Kihispania peke yake hamjakaa kliniki na mama wa Kikongo ana mtoto mwenye homa. Nimekaa. Nesi anapiga simu, anaweka spika, inatoka sauti ya mkalimani wa Kiswahili yuko sijui jimbo gani, na yule mama anashusha mabega anaanza kueleza mtoto ameanza kutapika lini. Njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili yetu sisi wachache, walioidai miaka mingi ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Kusini, na familia za Kichina za San Francisco walioshinda kesi ya Lau mwaka 1974 kuhusu watoto wanaokaa darasani bila kuelewa kitu, halafu na sisi tukapita humo humo. Hapa kaunti yetu ya Harris karatasi za kura zinatoka kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, na uchaguzi unafanyika na nchi haijavunjika.

Lakini kilichonifanya niandike ni shule moja. Kuna mji mdogo magharibi ya Texas unaitwa Marfa, na hapo palikuwa na shule ya watoto wenye asili ya Mexico, Blackwell. Sheria ya Texas ya 1918 ilikataza walimu kufundisha kwa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza na ilidumu mpaka 1969, na shuleni mtoto akisikika anaongea Kihispania hata uwanjani anachapwa na kibao cha mbao. Mwaka 1954 walimu wakawaambia watoto waandike maneno ya Kihispania kwenye vikaratasi, wakavitia kwenye kisanduku, wakachimba shimo karibu na mlingoti wa bendera, wakamzika Bwana Kihispania. Mazishi kabisa, watoto wamesimama wanaangalia. Mwaka 2007 waliosoma pale, wazee sasa, walirudi wakafanya sherehe ya kumfukua, na 2022 Rais Biden akasaini sheria ya kuifanya shule ile kuwa eneo la kumbukumbu la taifa.

Niliposoma habari ile sikuweza kuendelea na kazi. Sekondari niliyosoma mie Tanzania kulikuwa na kibao kimetobolewa kinapitishwa kamba, ukiongea Kiswahili unavalishwa shingoni na unakaa nacho mpaka umsikie mwenzio anaongea umpe yeye. Nilikivaa nikiwa kidato cha kwanza kutwa nzima kwa sababu nilimwambia rafiki yangu nisubiri. Neno moja, nisubiri, kwenye nchi ambayo bunge lake linaongea Kiswahili! Kilikuwa chepesi kile kibao ila shingo yangu inakikumbuka mpaka leo.

Kwahiyo mie naamini lugha inauawa na aibu, na aibu ukishamtia mtoto huna haja ya sheria tena, anaimaliza mwenyewe. Walatino waliochapwa enzi zile wengi wakaamua wanao wasiongee kabisa Kihispania wasije kuteseka kama wao. Wajukuu sasa wanaitwa watoto wa no sabo, kwa sababu mtu akitaka kusema sijui anasema no sabo badala ya no sé, na wanaowacheka ni ndugu zao wenyewe. Utafiti wa 2023 wa Pew, shirika la utafiti la Marekani, ulikuta Walatino watu wazima kama robo hivi hawawezi maongezi ya Kihispania au wanaweza kidogo tu, na katika hao zaidi ya nusu wamewahi kusimangwa na Mlatino mwenzao kwa ajili hiyo. Walinyang'anywa lugha halafu wakachekwa hawana.

Na nyumbani kwangu ilikuwa inaanza hivyo hivyo. Binti yangu ana miaka tisa, kazaliwa hapa. Mwaka juzi tuko kwenye simu ya vidio na Tanga, akamwambia bibi yake kitabu yangu imepotea, ukumbi mzima ukacheka, mama yangu, wadogo zangu, jirani aliyekuja kuomba chumvi, hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mtoto akaweka simu mezani akaondoka. Miezi karibu minne kila nikimwita aongee na bibi anajibu kwa Kiingereza kwamba ana homuweki.

Nilimpigia mama peke yake nikamweleza yote, kibao cha shuleni ambacho sikuwahi kumwambia, na wale watoto wa Marfa na shimo lao. Alinyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekatika. Siku hizi binti akipiga, mama anafukuza watu wote ukumbini kwanza, anakaa na simu karibu na uso, na mtoto akikwama katikati ya sentensi mama hamalizii wala hamrekebishi, anasema tu haya mwanangu nipo, hata kama ni dakika nzima, mpaka neno lije.