Plau linashuka lenyewe: usikimbilie kununua pampu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninalima mpunga na mahindi Kahe, na trekta langu ni Massey Ferguson 135 la zamani. Asubuhi linanyanyua plau la sahani tatu bila shida, lakini likishapata moto mikono ya kunyanyulia inaanza kunesa juu chini, na nikizima injini plau linakuwa limegusa ardhi kabla sijashuka na kulizunguka. Fundi wa kwanza alisema pampu imekufa. Wa pili aliweka oili ya gia namba 140, nikapata nafuu kidogo, kisha tatizo likarudi. Wa tatu anataka kuongeza washa (vile vipete bapa vya chuma) kwenye springi ya valvu ya usalama. Nimfuate yupi?

JIBU: Marahaba. Usimfuate hata mmoja kwa sasa, na pampu usinunue, angalau si kwa dalili ulizozieleza. Habari za kiwango cha oili na mkono wa PTO (shafti ya trekta inayozungusha mashine za nyuma) naziruka, kwa sababu 135 lenye oili pungufu sana, au ambalo PTO yake haijaingizwa, lisingenyanyua plau hilo hata asubuhi. Kinachonikera ni kwamba kauli ya “pampu imekufa” hutolewa kwa kila trekta lenye hitilafu ya haidroliki, yaani mfumo wa kunyanyua kwa presha ya oili, kuanzia Himo hadi Karatu, na mara nyingi hutolewa na mtu ambaye hajalegeza hata nati moja.

Katika trekta lako pampu imefungwa ndani ya boksi, nyuma ya gia na mbele ya difu, ikiwa imezama kwenye oili ileile inayolainisha gia, na huzungushwa na shafti ya PTO. Pistoni zake nne husukuma oili kupitia bomba la wima hadi kwenye kava la juu, na kutoka hapo oili huingia katika silinda ya kunyanyulia, ambako pistoni moja kubwa huizungusha shafti ya mikono. Mikono ikifika kimo ulichokitaka, valvu ya kuongozea hufunga njia ya kunyonyea. Tangu hapo pampu huzunguka bila kusukuma kitu, na uzito wote wa plau hubebwa na oili iliyofungiwa kati ya valvu za kutokea za pampu na ile pistoni ya silinda. Pampu iliyoweza kulipandisha plau hadi juu imeshamaliza kazi yake. Plau likishuka wakati injini imezimwa, oili iliyofungiwa imepata mwanya mahali fulani, na pampu mpya, hata ikiwa halisi na ya bei mbaya, haitauziba mwanya ulio kwenye silinda. Kule kunesa nako ni ugonjwa huohuo: oili inavuja, mikono inashuka kidogo, fito za kuongozea zinaifungua valvu, pampu inarudisha kilichopotea, kisha mzunguko unaanza upya. Kwa maneno mengine, kunesa ni ushahidi kwamba pampu yako bado inafanya kazi.

Sisemi kwamba pampu haichakai. Inachakaa, lakini hujitambulisha kwa namna nyingine: hushindwa kunyanyua mzigo hata oili ikiwa baridi, au hunyanyua mikono mitupu tu na kugoma plau linapofungwa, au huunguruma kwa sauti unayoisikia ukiwa umekaa kwenye kiti. Hukuniandikia lolote kati ya hayo.

Ile oili namba 140 ilikupa nafuu kwa sababu oili nzito hupenya polepole kwenye nyufa, hata ikiwa na joto. Ni sawa na kumimina uji badala ya maji katika ndoo iliyotoboka. Ubaya wake ni kwamba pampu hunyonya kupitia chujio la wavu, na asubuhi za Julai, hasa kwa wenzetu wa Usa River na Sanya Juu, oili ya aina hiyo haipiti kwa kasi inayotakiwa. Pistoni za pampu hazijai, sehemu ya ndani hupigwa na mapovu, na pampu iliyokuwa nzima huanza kuharibika kwa sababu ya dawa iliyowekwa ili kuiponya. Imwage yote, safisha chujio, na uweke oili ya trekta iliyotengenezwa kwa ajili ya gia na haidroliki kwa pamoja, kama kitabu cha trekta kinavyoelekeza. Oili ya injini iliyokwisha kutumika, ambayo wapo wanaoiongeza humo ili kubana matumizi, imejaa masizi na chenga za chuma.

Kabla ya kuimwaga, fanya jambo moja. Trekta likiwa limelala usiku kucha, usiliwashe. Kinga beseni, legeza taratibu nati ya kumwagia iliyo chini ya boksi, na utazame kinachotangulia kutoka. Kwa matrekta ya mashamba ya mpunga ya Kahe na Chekereni, mara nyingi hutangulia maji, kisha hufuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo huingia kupitia mpira uliopasuka kwenye shina la gia, au hupigwa ndani na mashine ya kuoshea magari. Ndani hushika kutu kwenye valvu ya kuongozea na kuchubua silinda. Badilisha mpira huo siku hiyohiyo, vinginevyo oili mpya haitamaliza masika.

Sasa jaribio ambalo kila mmoja wa mafundi wako watatu alipaswa kulifanya. Trekta liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ifungwe na magurudumu yawekewe vigingi. Oili ipunguzwe hadi chini ya usawa wa kifuniko cha ubavuni cha boksi, kisha kifuniko hicho kifunguliwe. Injini iwashwe katika mwendo wa chini kabisa, plau linyanyuliwe, na fundi amulike ndani kwa tochi. Mkono usiingie humo hata kidogo, maana shafti inazunguka, wala mtu asisimame nyuma ya trekta au karibu na plau. Mzigo ukiwa juu, utaona oili inatiririka wapi. Ikidondoka kutoka juu kwenye mdomo wa silinda, ringi au sili ya pistoni imekwisha, au silinda yenyewe imechubuka. Ikichuruzika kuzunguka bomba la wima, oringi (pete za mpira) za bomba hilo zimekuwa ngumu na kupasuka, na hapo umepona kwa gharama ndogo sana. Ikiwa juu kote ni kukavu na plau bado linashuka, ndipo mnaporuhusiwa kuitazama pampu, valvu zake za kutokea na valvu ya usalama. Trekta lenye mabomba ya nje ya kuinulia tela lina mahali pa ziada pa kuvujia, na pakaguliwe kwanza.

Kwa dalili zako ninaitilia shaka silinda. Kuifikia ni lazima kava la juu ling'olewe, nalo ni zito. Litundikwe kwa mnyororo na si kushikwa na vijana wawili. Silinda ikiwa mezani, ifute kwa kitambaa safi na upitishe ukucha ndani yake. Ukucha ukikwama kwenye mchubuko, sili mpya haitadumu, na silinda ibadilishwe. Oringi ziwe za mpira unaostahimili oili na za kipimo chake; nimewahi kufungua kava na kukuta mahali pa oringi pana kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa mkasi, kikiwa kimevimba na kulainika kama utumbo. Wakati wa kurudisha kava, fundi achungulie kupitia ubavuni na kuhakikisha kwamba fito za kava zimekaa sawasawa kwenye mkono wa valvu ya pampu. Zikipishana, trekta litagoma kunyanyua au litagoma kushusha, na mtaambiwa tena kwamba pampu imekufa.

Nimeiacha washa mwishoni kwa sababu haikuhusu wewe peke yako. Valvu ya usalama hufunguka presha inapozidi kiwango kilichowekwa kiwandani, ambacho katika matrekta ya aina hii kinapita psi 2,000, wakati tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hivi. Plau lako linapanda vizuri, kwa hiyo presha haijapungua. Iwapo valvu hiyo nayo inavuja, hubadilishwa nzima. Kuikaza springi kwa washa hakuzibi uvujaji wowote. Kunachofanya ni kuiondolea mitambo kinga yake, ili siku sahani itakapong'ang'ania kwenye kisiki, kitakachopasuka kiwe ni mwili wa pampu au silinda. Wanaouza ujanja huu huwa wameshaondoka na fedha yao siku hiyo inapofika. Hao hao ndio wanaoingia chini ya plau lililonyanyuliwa kwa haidroliki pekee, bila stendi wala gogo, na ndio wanaopapasa bomba la nje kwa kidole ili kujua linavujia wapi. Oili yenye presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini kupitia tundu dogo kama la sindano, na aliyepatwa na hilo anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja, hata kama haoni maumivu makubwa. Uvujaji wa nje hutafutwa kwa kipande cha boksi la karatasi.

Fundi wako wa tatu akirudi na washa zake, mwulize geji ya kupimia presha ya haidroliki iko wapi. Kama anayo, aifunge, apime oili ikiwa baridi na ikiwa ya moto, akuandikie namba zote mbili, nawe unitumie pamoja na majibu ya lile jaribio la tochi. Kama hana, asiiguse valvu hiyo.