Nadharia ya muziki ni kazi kamili

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu anayependa kuchambua muziki kuliko kuupiga anaweza kuishi kwa uhadhiri. Anaweza. Kofi Agawu wa Ghana alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1982, akaja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Princeton hukohuko. Alichambua muziki wa akina Mozart, na midundo ya Waewe wa kwao pia.

Usidhani ni kukariri noti. Hesabu mapigo 12: mkono wa kulia upige kila baada ya matatu, wa kushoto kila baada ya manne. Mikono inakutana kwenye la kwanza tu. Sasa, mdundo mkuu ni upi? Agawu anasema tazama miguu ya wachezaji. Hilo peke yake ni somo la wiki nzima darasani, na mimi nalipenda mno!

Njia ni ndefu: uzamili, kisha uzamivu, na nafasi za kudumu ni chache, kwa hiyo omba ufadhili mapema. Piano usiiache, maana utafundisha harmonia, yaani namna noti zinavyolia pamoja, na kutambua noti kwa sikio. Taarabu je, unaijua? Maqam zake, yaani ngazi za noti zenye asili ya Kiarabu, zinahitaji wachambuzi wanaoelewa Kiswahili.